Picha za Jua na Waliomo Ndani Yake

Je, ni halali Mkristo aamke alfajiri, aache usingizi, na pengine aache hata sala ya asubuhi, ili akalipige picha jua? Swali hili aliuliza mzee wa kanisa katika usharika wetu hapa Kighare, mtu ninayemheshimu, wala hakuuliza kwa utani. Alikuwa amewakuta vijana wa kwaya juu ya mwamba kabla ya saa 12 asubuhi, mchungaji wao akiwa kati yao, kila mmoja na simu mkononi, wakingoja. Alipouliza wanangoja nini, akajibiwa kwamba wanangoja jua. Akasema jua limechomoza tangu enzi za babu yake na hajawahi kuona mtu akienda kulipokea kama mgeni rasmi.

Tulicheka siku ile, lakini swali lilibaki. Naomba nilijibu kwa maandishi, maana nadhani wako wengine katika sharika zetu wanaolibeba bila kulisema.

Mazoea haya yalituingia kwa safari za kwaya kwenda Tanga. Mtu wa milimani akiliona jua likitoka majini kwa mara ya kwanza hunyamaza. Kwetu jua hutokea nyuma ya kilima likiwa limekwisha kupata nguvu zake. Kule pwani unaliona likizaliwa, kwanza ukucha, kisha nusu, kisha zima, na njia ya mwanga imetandikwa juu ya maji mpaka miguuni pako. Pwani yetu ya bara, kuanzia Tanga hadi Mtwara, inatazama mashariki, hivyo bahari yake ni ya mawio. Anayetaka kuliona jua likizama baharini huvuka kwenda Unguja, upande wa Mji Mkongwe, ambako jioni watu hujaa Forodhani. Au hubaki huku huku kwetu, akateremka tambarare mpaka ukingo wa bwawa la Nyumba ya Mungu, akaliona likizama majini upande wa Simanjiro. Na lazima awahi. Karibu na Ikweta jua hushuka karibu wima, na kati ya kuzama kwake na giza kamili la kutembelea na tochi ni muda wa kula sahani moja ya chakula. Ndiyo sababu wahenga wetu waliweza kuhesabu saa kwa jua lenyewe: linapochomoza ni saa 12, na halidanganyi sana mwaka mzima.

Basi, shitaka la kwanza: je, si kuabudu jua? Msikimbilie kulicheka. Ayubu, alipokuwa akijitetea mbele za Mungu, alitaja dhambi hii hasa: kulitazama jua linapong'aa, moyo ukashawishika kwa siri, mkono ukapelekwa kinywani kubusiwa (Ayubu 31:26–28). Ezekieli naye alionyeshwa watu ndani ya ua wa hekalu wameligeuzia kisogo hekalu la Bwana, nyuso zao mashariki (Ezekieli 8:16). Majirani zetu Wachaga walikuwa na neno moja, Ruwa, kwa jua na kwa Mungu. Sisemi kwamba waliliabudu jua. Hata sisi husema "mbinguni" tukimkusudia aliyeko huko. Wapare wa zamani walimwita Mungu Kyumbe, yaani Muumba, na mimi nalipenda jina hilo kwa sababu linamweka kila kiumbe mahali pake. Kitabu cha Mwanzo hufanya vivyo hivyo. Nuru huumbwa siku ya kwanza. Jua halionekani mpaka siku ya nne, tena halipewi hata jina lake, linaitwa mwanga mkubwa tu, kama taa iliyotundikwa sebuleni.

Ninachokiona kizito katika maneno ya Ayubu ni hilo neno "kwa siri." Sijamwona kijana wa usharika wetu akilisujudia jua. Nimewaona, na ni wengi, wakirudi kutoka mwambani na kuishika simu siku nzima, kila baada ya dakika chache wakitazama ni watu wangapi wameipenda picha. Busu la mkono la siku hizi nadhani linafanana na hilo, na anayebusiwa si jua.

Kuhusu kupoteza muda sina maneno mengi. Mhubiri anakiri kwamba nuru ni tamu na kwamba ni jambo la kupendeza macho kuliona jua (Mhubiri 11:7). Zaburi ya 104 inataja jua linalojua kuchwa kwake na, aya chache baadaye, mtu anayetoka kwenda kazini mpaka jioni, na mambo hayo mawili yanasifiwa kwa pumzi moja. Anayeona picha inamnyang'anya sala, na aiache picha. Hilo halihitaji insha.

Shitaka ninalotaka kukaa nalo ni jingine, nalo hata mzee wetu hakulitamka waziwazi: picha inamfaa nani?

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alikuwa akisafiri kutoka Rabai karibu na Mombasa kuelekea Uchagani. Alikuwa amekwisha pita Taita, yuko katika nyika ile ile tunayoitazama kutoka milima yetu, ng'ambo ya Ziwa Jipe. Asubuhi hiyo aliona juu ya mlima mmoja kitu cheupe, akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wa safari, Bwana Kheri wa Mombasa, naye akajibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akatambua kwamba ni theluji. Walipoketi kupumzika alifungua Zaburi aliyofikia katika usomaji wake wa kila siku, nayo ilikuwa ya 111, ile inayosema juu ya ukuu wa matendo ya Bwana. Akaandika kwamba aliisoma kwa uzito maradufu, milima ikiwa mbele ya macho yake.

Hakuwa na kamera. Habari zake zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, msomi mmoja wa jiografia wa London, Desborough Cooley, alizikataa: theluji Afrika, karibu na Ikweta, haiwezekani, mmisionari ameona vibaya. Rebmann hakuwa na la kumwonyesha. Alikuwa na neno lake tu, kama wale wanawake waliotoka kaburini. Ubishi uliendelea zaidi ya miaka kumi, mpaka safari za mwaka 1861 na 1862 za von der Decken zilipothibitisha kwamba ni theluji kweli.

Nusu ya habari hii inaitetea kamera. Laiti Rebmann angekuwa na picha moja! Na baadaye picha zimetoa ushahidi mwingine juu ya mlima huo huo: barafu yake iliyopimwa na kuchorwa kwenye ramani mwaka 1912 imekwisha pungua kwa zaidi ya asilimia 80, na tunaambiwa hivyo na watu wanaolinganisha picha za zamani na za sasa. Wengi waliozipiga walipenda tu uzuri wa mlima.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Rebmann alikaa Afrika Mashariki miaka 29. Macho yake yakaharibika. Alipoondoka Rabai mwaka 1875 alikuwa kipofu, ameshikwa mkono, na mwaka uliofuata akafa kwao Ujerumani. Mtu aliyeona kile ambacho wasomi wa Ulaya walikataa kukiamini alimaliza maisha yake bila kuona chochote. Hata angekuwa na picha, isingemsaidia. Alichobaki nacho ni alichokuwa amekitazama sawasawa siku ile, kiasi cha kuweza kukisimulia.

Hapo naona tofauti kati ya kuona na kupiga picha. Mwalimu yeyote wa fizikia atawaambia kwamba hewa huupinda mwanga. Jioni, jua linapoonekana kama ndiyo kwanza limegusa maji kwa upande wake wa chini, kwa kweli limekwisha shuka lote chini ya upeo. Tunachokiona ni mwanga uliopindwa kiasi kinachokaribia upana wa jua lenyewe. Na mwanga huo uliondoka juani dakika 8 zilizopita. Anayebonyeza simu yake pale Forodhani anapiga picha ya kitu ambacho hakipo tena mahali anapokielekezea. Asubuhi ni kinyume chake: tunaliona kabla halijafika. Simtaji Thomaso hapa, kila msomaji amekwisha mfikiria. Nasema tu kwamba mtu akidhani amelitia jua mfukoni, fizikia yenyewe inamcheka.

Katika usharika wetu yuko mzee ambaye presha ya macho ilimmaliza kuona miaka mingi iliyopita. Ni mwimbaji mzuri, na anamtambua mtu kwa hatua zake kabla hajabisha hodi. Nilipokwenda kumpelekea Chakula cha Bwana nyumbani, mjukuu wake aliyekuwa ameniona kwenye mwamba akamwambia kwamba Mchungaji ana picha nzuri sana za jua kwenye simu. Mzee akasema, "Basi niambie, Baba Mchungaji." Nikamwambia. Nilieleza wekundu, kisha rangi ya chungwa iliyokuwa juu yake, kisha ile buluu ya kupauka karibu na nyota ya asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Rangi nazijua, niliziona miaka hamsini. Nani alikuwa pale?"

Jibu lilikuwapo. Asubuhi ile, kama kila asubuhi hapa Kighare, walipita wanafunzi gizani, viatu mkononi ili visipate umande. Walipita akina mama wawili na mikungu ya ndizi, wakiwahi gari la kwanza la kuteremka Mwanga. Adhana ilikuwa imekwisha, kengele yetu ilikuwa bado. Palikuwa na moshi wa jiko la mtu aliyekuwa na mgonjwa usiku kucha, na kila aliyepita alijua ni nyumba gani. Nilimsimulia haya yote, na uso wake ukabadilika; alianza kuuliza habari za huyo mgonjwa, na za mtoto wa huyo mama mwenye ndizi, kama amerudi kutoka chuo. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi. Jua lilikuwa taa ya kuionyesha.

Wapiga picha wana desturi, nao huifundishana: ngoja watu wapite ndipo ubonyeze. Mtu akikatiza mbele anaharibu picha. Waya wa umeme unaharibu, bati lenye kutu linaharibu, mama mwenye mzigo anaharibu isipokuwa awe kivuli cheusi kisicho na uso, hapo anaruhusiwa kwa kuwa anapendeza. Sidai kwamba kila picha lazima iwe na mtu. Hata Bwana Yesu alikwenda mahali pasipo na watu kabla hakujapambazuka. Lakini alikwenda kuomba, akarudi kwao. Jicho linalozoea kungoja watu watoke ili lipate uzuri linajifunza kitu, na somo hilo halibaki kwenye simu.

Tena uzuri wenyewe unatoka wapi? Jua likiwa chini, mwanga wake husafiri katika hewa nyingi zaidi. Rangi ya buluu hutawanywa njiani, nyekundu hufika. Vumbi jembamba na moshi huzidisha. Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022, mvua zilipokosekana, mifugo ilikufa kwa maelfu katika nyanda za chini za kaskazini, Simanjiro ikiwemo. Jioni za miezi hiyo zilikuwa nyekundu kama makaa. Zilipigwa picha nyingi, nami nimeziona, na ni nzuri kweli. Wekundu ule ulikuwa udongo wa malisho yaliyokauka ukipeperushwa juu ya mizoga.

Je, nisimsifu Mungu kwa jioni ya namna hiyo? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni kwamba nimsifu, ila siruhusiwi kuishia hapo. Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo na Masadukayo kwamba wanajua kuusoma wekundu wa mbingu jioni na asubuhi, lakini ishara za nyakati hawazitambui (Mathayo 16:2–3). Hakuwalaumu kwa kutazama mbingu. Aliwalaumu kwa sababu utazamaji wao haukufika chini. Amosi ni mkali zaidi. Katika sura ya 5 anawakemea wanaogeuza hukumu kuwa uchungu na kuiangusha haki chini, na papo hapo, bila hata kuvuta pumzi, anamtaja yeye anayekigeuza kivuli cha mauti kuwa asubuhi na mchana kuwa usiku. Kwa muda mrefu wafafanuzi wamesumbuka kwa nini aya hizo zimekaa pamoja. Mimi sioni ajabu. Nabii alikuwa mchungaji wa kondoo. Aliyaona mapambazuko kila siku, na aliwaona waliodhulumiwa katika mwanga huo huo.

Mto Pangani unaweza kutufundisha jambo hili hatua kwa hatua. Maji ya Kilimanjaro na ya Meru hukutana Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960. Hutoka hapo, yakapita chini ya milima yetu ya Upare, yakaenda Korogwe, na kuingia baharini penye mji wa Pangani. Kwa hiyo kijana anayepiga picha ya machweo bwawani kwetu, na yule anayepiga picha ya mawio kwenye mlango wa mto kule Pangani, wanapiga picha ya maji yale yale. Lakini kadiri tunavyoyatumia huku juu, ndivyo yanavyopungua kule chini, na bahari hupanda ndani ya mto na kutia chumvi mashamba ya watu. Si mbali na mdomo huo kuna kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walikwenda kutaga mchangani. Miaka ya 1980 ilipoanza miti ilikuwa imekwisha, bahari ikakila, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Kasa bado huja kutaga kwa mazoea, na watu hulazimika kuyahamisha mayai yao kuyapeleka Ushongo, bara, yasije yakafa maji. Wageni hupelekwa Maziwe maji yakiwa yametoka, na picha zake husifiwa mno: mchanga mweupe, bahari, jua, basi. Ni picha safi kabisa, kwa sababu vingine vyote vimekwisha ondoka.

Nimalizie na jambo dogo la hapa nyumbani. Wasomaji wa Upare wanaijua ndiva: bwawa la udongo na mawe walilotuachia wazee, linalojaa usiku kutoka kwenye mfereji na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Kabla halijafunguliwa maji yake hutulia kama kioo, na mawio yakiingia humo unaona jua mbili. Vijana wetu waligundua hilo. Asubuhi moja walimkuta mama mmoja, mwenye zamu, amefika na jembe kufungua. Kijana mmoja akamwomba, kwa adabu, asubiri dakika kumi tu jua litokee. Mama akamjibu: "Maji hayamsubiri mtu, mwanangu. Jua likipanda yatanywewa na njia kabla hayajafika kwenye maharage yangu." Akafungua. Kioo kikavunjika, jua likatoka vipande vipande, na kijana akabonyeza hivyo hivyo, mama akiwemo, ameinama, matope mpaka magotini.

Picha hiyo ndiyo ambayo kamati iliichagua, kati ya zaidi ya arobaini, iwe ya mwezi wa kwanza kwenye kalenda ya usharika. Nikawaambia vijana kwamba haichapishwi mpaka mwenyewe aombwe ruhusa. Wakampelekea. Akaishika simu mbali kidogo na macho, kama tufanyavyo watu wa umri wetu, akaitazama muda mrefu kuliko walivyotarajia. Jua hakulisema. Akawauliza kama wanaona pale pembeni, chini ya mkono wake wa kushoto, jiwe la ukingo lilivyoachana na udongo. Hakuna aliyekuwa ameliona, wala aliyepiga picha wala kamati. Akasema apelekewe mwenye zamu ya Jumatatu aione, maana mvua kubwa moja tu ndiva yote itakwenda.

Jumamosi palikuwa na msaragambo. Walikuja watu wa kanisani na wa msikitini, kwa kuwa maji ni ya wote, na mzee wetu asiyeona aliletwa na mjukuu wake, akakaa juu ya jiwe akiimba wakati wengine wanabeba mawe.